Mahmudu Aliyempisha Mama Njiani

Msinitajie Bonifasi. Nimeshasema, na mimi nikisema jambo mara mbili nachoka. Kila kukicha hapa Masasi, harusini, msibani, hata mashineni kwenye kusaga, lazima atokee mzee mmoja aanze: "Bonifasi! Bonifasi aliupiga mpira ukapita juu ya paa la kanisa, ukaenda kuokotwa na mbuzi!" Haya, umeokotwa na mbuzi, tumesikia. Mimi siku hiyo nilikuwepo, nimekaa pembeni ya uwanja na kikapu changu cha mihogo mikavu. Mpira ulikuwa bado uko angani, mume wangu ameshafika nyumbani zamani, anapangusa vumbi magotini. Lakini muulize huyo mzee aliyeingia wa kwanza ni nani. Atakuna kichwa, atakwambia, "Alikuwa kijana mmoja hivi, mwembamba."

Kijana mmoja hivi! Ebo! Alikuwa na jina. Aliitwa Mahmudu, Myao wa hapa hapa Masasi, mtoto wa mshona kofia, na ndiye baba wa wanangu. Kaeni basi niwaambie habari zake, na mwenye haraka aondoke sasa hivi, asinikatize katikati.

Mchezo wenyewe nyie hamuujui, umeshakufa, umeliwa na huu mpira wa miguu. Aliuleta Mwalimu Petro wa misheni, ambaye alisomea Unguja kwa Waingereza na huko ndiko alikouona. Ilikuwa enzi ya Mjerumani, kabla ya vita vya Majimaji. Walichimbia vigingi vitatu uwanjani, na mahali pa nne pakaitwa nyumbani. Mmoja anarusha mpira, mwenzake anasimama nyumbani na gongo anaupiga, kisha anakimbia kigingi kwa kigingi mpaka arudi alikotoka. Ukiwa umeshika kigingi hakugusi mtu. Ukiguswa na mpira ukiwa katikati, umekufa, nenda kakae. Mpira tuliufinyanga kwa utomvu wa mpira wa msituni, uleule ambao Wajerumani waliutafuta kama wendawazimu wakaupeleke kwao. Ulikuwa mgumu, ukikupiga mgongoni unakumbuka mpaka Ijumaa.

Sasa palikuwa na jambo moja katika mchezo ule, nalo waliliita kuiba. Umeshika kigingi cha kwanza, mrushaji anamtazama mwenye gongo. Akiinua mkono tu, wewe chomoka! Ukiwahi kigingi cha pili kabla mpira haujakufuata, ni chako. Hakuna aliyekutuma na hakuna aliyekuita, umekwenda kwa akili yako. Watu wengi waliogopa. Mahmudu aliiba kama anavyopumua.

Mwalimu Petro hakuwa mjinga, alimweka wa kwanza kupiga siku zote. Alikuwa akisema, "Mahmudu akifika cha kwanza, mimi nahesabu cha pili." Wala hakuwa mtu wa kupiga mbali. Aliugusa tu mpira, ukaanguka hapo karibu, na wakati watu wanagombana nani auokote, yeye ameshafika. Alikuwa mdogo wa umbo, miguu imekauka, magoti yote makovu kwa kujitupa chini kila akikaribia kigingi. Nilimwuliza siku moja anajuaje wakati wa kuchomoka. Akaniambia, "Siangalii mpira. Naangalia bega la mrushaji. Macho ya mtu yanadanganya, mdomo unadanganya, bega halijajifunza kudanganya. Bega likishuka, mimi nimeshaondoka."

Uwanja mzima ulimwita mwizi, kwa mapenzi na kwa dharau vilevile. Bonifasi walimwita simba. Baada ya mchezo mkubwa mmoja alichinjwa mbuzi, Bonifasi akapewa ini mkononi na Mwalimu mwenyewe, na mume wangu akapata mfupa wa shingo kwa sababu alichelewa kunawa. Alirudi akakaa, akasema, "Nimeingia nyumbani mara tano leo, Bimdogo. Mara tano." Mimi nikamjibu, tano ni tano, kula ulale. Ilimuuma, asiwadanganye mtu, na mimi nilikuwa na ulimi mkali, sikujua kumpoza. Ulimi wenyewe ninao mpaka leo, mnauona.

Mimi si wa hapa bondeni. Mimi ni Mmakonde wa juu, upande wa Mnyambe, kijiji chetu kilikuwa ukingoni kabisa ambapo ardhi inakatika na unaiona nchi yote ya Masasi chini yako. Kwetu kuna mihogo, kuna mtama, kuna upepo mzuri, maji hakuna. Maji yako bondeni. Mwanamke wa kwetu anateremka na mtungi mtupu, anapanda na mtungi uliojaa, na siku imekwisha. Mahmudu alikuwa akibeba mizigo ya utomvu kutoka kwetu kupeleka kwa wafanyabiashara Masasi. Akishusha mzigo, anacheza. Mchezo ukiisha, anapanda tena. Ndivyo alivyonipata, na kwa kuwa Wayao na sisi mila ni moja, mwanamume humfuata mke, akaja kujenga kwetu.

Hapa sikilizeni vizuri. Kwetu mtu hamtazami mama mkwe wake usoni, na mama mkwe hamtazami yeye. Si chuki, ni heshima, tena kubwa kuliko zote. Wakikutana njiani, mwanamume ndiye anayeiacha njia. Anaingia porini, anageuza mgongo, ananyamaza mpaka mama apite. Hakohoi, haiti, hasalimu. Akiwa na neno anamwambia mkewe, mkewe analipeleka kwa mama. Jambo hilo huisha siku mkwe anapopeleka zawadi, mama akapika, wakaketi mkeka mmoja na kijana akampa mama shikamoo ya kwanza. Tuliita kufunguliana uso. Kwa kawaida mtoto wa kwanza akishaanza kukaa, nyuso zinafunguliwa. Wa kwetu, Sijaona, alikuwa ameshaanza kutembea, na uso ulikuwa bado.

Tulicheka sana siku zile. Mama yangu alivuta ugoro, alikuwa na kikohozi kikavu, mara mbili halafu kimya. Mahmudu akikisikia tu, huyo kichakani! Hata kama amebeba mzigo, hata kama ni miiba mitupu. Mama anapita taratibu amejitanda kichwani, akifika nyumbani anacheka mpaka anakaa chini: "Mkwe wangu mimi namjua visigino tu. Lakini visigino visafi, mwanangu, umepata mtu." Kila siku alimwekea ukoko wa chungu, maana alisikia kwangu kwamba anaupenda. Naye Mahmudu, akiwa hana mzigo, alishuka bondeni kuteka maji, kazi ya wanawake, akauacha mtungi nyuma ya nyumba ya Mama akaondoka. Wanaume walimcheka wakachoka. Walipendana wale watu wawili, na hawakuwahi kuonana.

Kisha maji yakaja. Si maji ya kunywa, dawa. Mnajua habari zake, sina haja ya kuwachosha. Kijijini kwetu wengine waliinywa, wengine hawakuinywa, na baadaye askari wa Mjerumani hawakuuliza nani alikunywa. Misheni ya Masasi ikachomwa, walimu wakakimbilia pwani, uwanja ukaota nyasi na vigingi vikang'olewa kuwa kuni. Mimi nilidhani mchezo wa mume wangu umekwisha hapo.

Mwishoni mwa mwaka ule Mahmudu akashuka Masasi. Nilimwambia asiende, njia ni mbaya. Hapana, nasema uongo. Mimi ndiye niliyemtuma. Palikuwa na kitu nilichokitaka kutoka dukani, nitakisema wakati wake. Alifika akakuta maduka yamefungwa, wenyewe wamekimbia. Akalala kwa mama yake mdogo, na asubuhi jua linachomoza akakutana na Bonifasi, ambaye askari walikuwa wamemkamata awe mpagazi, kisha wakamwacha kwa sababu ya mguu uliovimba. Hilo nampa Bonifasi, haki ya mtu ni haki yake, kwa sababu ndiye aliyesema.

"Mahmudu," alimwambia, "wakwe zako wako ukingoni, siyo? Askari wametoka jana mchana, wamelala njiani. Wanakwenda huko."

"Watapanda na mizigo yote ile?"

"Hawapandi. Watakaa kisimani wajifiche. Wanasema watu wa juu hawana maji, watashuka wenyewe."

Mume wangu hakuaga. Kisima kile ndicho tulichotekea sisi, na siku zile za hofu tulikuwa hatushuki asubuhi tena, tulishuka jua likipinda, tukidhani saa hizo hakuna mtu njiani. Yeye alilijua hilo. Kwa hiyo alikuwa na mchana mmoja wa kutuwahi. Mpagazi hodari anatembea njia ile kutwa nzima, na bado wako askari mbele yake.

Alikimbia bila kula. Adhuhuri aliwakuta wamekaa chini wanapika, akawazunguka kwa kichakani, akawapita. Hebu fikirini, mtu mmoja na kikoi, anapita hatua chache kutoka kwenye bunduki zile zote, na hakuna aliyegeuka. Huo ndio wizi wake mkubwa kuliko wote, na hakuna uwanja mzima uliopiga vigelegele. Kisha akaupanda mlima, si kwa njia, kwa mizizi na mikono, huku wao wanaendelea chini bondeni kuelekea kisimani. Akatokea juu, kwenye kona ya njia yetu ya maji, katikati ya kijiji na mteremko. Alikuwa amewahi. Nataka mlijue hilo, mume wangu aliwahi.

Hapo kwenye kona akasikia kikohozi. Mara mbili, halafu kimya.

Mama alikuwa na desturi ya kutangulia. Sisi wengine tulikuwa nyuma, wanawake kumi na mmoja, na mimi ndiye niliyewachelewesha, Sijaona alikuwa analia mgongoni nikasimama kufunga mbeleko upya. Mama alikuja peke yake na mtungi kichwani. Na Mahmudu, miguu yake ilifanya ilivyozoea. Iliingia porini. Akageuza mgongo.

Mnatikisa vichwa. Najua, mnasema angepiga kelele tu! Angemwambia, mama, rudi! Nyie wa siku hizi mnakaa meza moja na wakwe mnagombania mchuzi, mtaelewa wapi? Mimi mwenyewe nilimwuliza hivyo hivyo, na si kwa upole. Akaniambia, "Nilifungua mdomo, Mama Sijaona. Ulifunguka. Sauti haikuja. Nikasema moyoni, wako nyuma yake hapo hapo, wewe uko nyuma yake. Nikuambie wewe umwite. Ni pumzi tatu, nne." Alipiga hesabu kama alivyozoea uwanjani, akaona muda upo. Maishani mwake alikuwa hajawahi kukosea hesabu ile. Na mara zote alichomoka kabla ya kuitwa, lakini siku ile alisimama akangoja.

Mama alijua kwamba kuna mtu kichakani, na alijua ni nani. Mahmudu alisikia hatua zake zikipunguza mwendo. Alimsikia anacheka kidogo, kile kicheko chake cha visigino. Kisha akapita.

Si pumzi nne tu tulizochelewa. Tulipofika konani Mama alikuwa ameshateremka zamani. Mahmudu aliruka kutoka porini, kifua kinakwenda juu na chini, damu mikononi, mate yamemkauka mdomoni.

"Rudini! Askari wako kisimani. Rudini wote!"

"Mama yuko mbele!" nikasema.

"Najua."

"Unajua nini? Umemwona?"

"Nilimpisha," akasema. Na hapo hapo akageuka akateremka.

Sijawahi kumwona binadamu anakimbia vile. Njia ile ina mawe, ina mapindo, mbuzi wanaiogopa. Sisi tuliingia vichakani na mitungi yetu, nikambana Sijaona mdomo. Tukasikia sauti ya Mama kutoka chini, si ya kuogopa, sauti ya mtu anayefokea watoto: "Msishuke! Wanangu, msishuke!" Kisha bunduki. Mara moja tu. Mpaka leo watu wa kwetu husema sauti ya Mama ndiyo iliyotuokoa sisi kumi na mmoja. Ni kweli alipiga kelele, Mungu amrehemu. Lakini tulikuwa tumeshasimamishwa. Aliyetusimamisha alikuwa ameshateremka, na hakuna anayemtaja.

Magharibi alirudi na Mama mgongoni. Alimkuta njiani amejaribu kupanda, akamvuta kichakani, akalala naye hapo chini ya miiba mpaka askari walipochoka kutafuta. Alikuwa bado anapumua alipomfikia. Mahmudu aliniambia jambo hili mara moja tu maishani, nami sikumwomba alirudie. Alisema Mama alifumbua macho, akamwona ni yeye, akanyanyua mkono ule uliobaki na nguvu, akajifunika uso. Hata hapo. Naye akageuza uso wake pembeni, akamwambia, "Shikamoo, mama." Ndiyo shikamoo yake ya kwanza kwake. Hakujua kama alisikia.

Tulimzika asubuhi, haraka, bila ngoma. Mjomba Mrisho, ndugu yake Mama, ndiye mkubwa wetu, ndiye mwenye maneno. Watu walikuwa wameshaambizana yote. Akamsimamisha Mahmudu mbele ya kaburi bichi.

"Umembeba mkweo mgongoni," alisema, "jambo ambalo halijafanyika kwetu. Hilo nalisamehe, palikuwa na bunduki. Lakini nieleze. Mtoto anatembea. Anatembea! Kwa nini hamkufunguliana uso mpaka leo? Ungemfungua uso dada yangu, jana ungemwita njiani kwa jina la mama, naye angerudi. Nini kilikushinda? Kuku mmoja? Kibaba cha unga?"

Sasa nawaambia kile nilichosema nitakisema. Mahmudu alikuwa na kuku. Alikuwa naye tangu Sijaona anaota jino la kwanza, jogoo mweupe, na kibuyu cha unga, na jembe jipya. Aliniambia, "Tupeleke, Mama Sijaona. Nimechoka kuruka miibani." Mimi ndiye niliyekataa. Nilikuwa nimemwona mama mkwe wa Bonifasi amejifunga kitambaa chekundu cha dukani, pande mbili, kijiji kizima kinamwangalia. Nikasema mama yangu hafunguliwi uso kwa jogoo, mama yangu naye atavaa nyekundu, ngoja upate. Akangoja. Kila mwezi alisema tupeleke, kila mwezi nilisema ngoja. Jogoo tukamla. Na safari ile ya Masasi alitumwa na mimi akatafute hicho kitambaa. Ndiyo sababu alikuwa huko akasikia habari za askari, na bila hivyo tungekufa wote kumi na wawili. Hilo nalo sijui niliweke wapi, nimeligeuza miaka yote hii.

Basi Mjomba aliposema, "Nini kilikushinda?" Mahmudu akanitazama. Mara moja, kidogo tu. Mimi nikatazama chini. Nilikuwa na mtoto mgongoni na mama yangu ardhini, nikasema moyoni, atasema, na akisema nitakubali.

Akasema, "Uzembe wangu, mjomba."

Mjomba akatema mate. Watu wakaguna. Mimi nikatazama udongo.

Njaa ikaja baada ya vita, mnaijua. Tulipona sisi, wengi hawakupona. Miaka mitatu baadaye Mwalimu Petro alirudi Masasi, wakafyeka uwanja, wakachimbia vigingi. Akamwita Mahmudu, akampa gongo wa kwanza, kama zamani. Mimi nilikuwepo. Aliugusa mpira, akakimbia, akashika kigingi cha kwanza. Mrushaji akainua mkono. Bega likashuka, hata mimi nililiona. Mahmudu hakuondoka. Mrushaji akarusha tena, na tena. "Iba!" watu wakapiga kelele. "Mwizi, iba!" Alikishika kigingi kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha. Bonifasi akaupiga mpira mbali kupita kiasi, na Mahmudu akatembea vigingi vyote mpaka nyumbani, akatembea, watu wanacheka. Mwalimu Petro akamshika bega, akamwuliza kama anaumwa. Akasema magoti. Hakucheza tena. Kijana mwingine akawekwa wa kwanza, na kwa kuwa alikuwa kijana wa kawaida tu, ndipo nikaona Mahmudu alikuwa nani.

Lakini magoti hayakuwa na kitu. Alipanda na kushuka mlima kama kawaida na mizigo yake. Isipokuwa pale konani. Kila tukifika pale, mimi na yeye, na mitungi yangu, na watoto wakiwepo na watoto, Mahmudu aliiacha njia. Aliingia porini, akageuza mgongo, akanyamaza. Njia tupu, hakuna mtu. Anakaa kiasi cha mtu mmoja mzima kupita polepole na mtungi, kisha anatoka, tunaendelea. Mara ya kwanza niliogopa nikapiga kelele: "Baba Sijaona, unampisha nani?" Watu walisema amepata wazimu, wengine walisema amelogwa na dawa ya maji. Mimi nilizoea. Nilisimama njiani peke yangu namngoja, na nitawaambia ukweli, nilikuwa nasogea pembeni. Sijui kwa nini. Siku mbili katika miaka ile nilisikia kikohozi. Mtaniambia ni upepo, nanyi semeni. Mimi nakijua kikohozi cha mama yangu.

Miaka minane tuliishi hivyo. Nilimgombeza kwa kila kitu, chumvi, kuni, kuchelewa, kuwahi. Nikikasirika sana nilimwambia mbele ya watu, "Wewe ulimpisha mama yangu akafe!" Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu. Si mara moja. Naye angeweza kunirudishia kwa neno moja, jogoo. Hakulisema neno hilo mpaka anakufa. Hata tukiwa wawili tu ndani, hata amelewa pombe ya mtama, hakulitaja.

Alikufa masika ya mwaka uliotangulia vita vya Wajerumani na Waingereza, kifua kilimbana siku nne. Hakuusia kitu. Msibani alikuja Bonifasi, akalia kwa sauti, watu wakamzunguka kumpoza yeye. Mwalimu Petro akaja, akamwombea dua ya kwao kwa upole. Kisha Mjomba Mrisho, mzee sana, ameshikwa mkono, akasimama kuzungumza kama ilivyo desturi. Akasema marehemu alikuwa mtu mwema, mpole, mwenye mbio kuliko wote aliowaona. Lakini, akasema, binadamu hakosi ila, na marehemu alikuwa mzito katika mambo ya heshima, sote tunajua, uzembe wake ulitugharimu dada yangu, Mungu amsamehe.

Watu wakaitikia, "Amina."

Nikainuka. Mwanamke hazungumzi pale, mimi nikainuka na kaniki yangu ya eda. Nikasema, "Mjomba, shikamoo. Hakuwa mzembe. Jogoo alikuwepo, unga ulikuwepo, jembe lilikuwepo. Mimi nilikataa. Nilitaka kitambaa chekundu. Mimi ndiye niliyemfanya Mama asifunguliwe uso, na huyu alinyamaza kwa ajili yangu, na mimi nikamtukana miaka minane." Nikasema yote, tangu jino la kwanza la Sijaona mpaka siku ya kaburi.

Nilimtazama Mjomba, nikasubiri anitemee mate mimi.

Mjomba akatikisa kichwa pole pole, machozi yakamtoka. "Tazameni," akawaambia watu, "tazameni mke mwema. Hata kaburini anambebea mumewe lawama."

Wanawake wakanikalisha. Mmoja akasema, "Uchungu huo, mwacheni aseme," mwingine akasema hata yeye alipofiwa alisema maneno yasiyo na maana siku tatu nzima. Nikawaambia si uchungu, ni kweli, muulizeni Sijaona, muulizeni... mtamuuliza nani, hakuna aliyejua isipokuwa yeye na mimi. Wakaniitikia ndiyo mama, ndiyo mama, pole mama. Wakaniletea uji, wakaniambia ninywe nipate nguvu.